Pima Mzigo Kwanza, Bei Baadaye

Swali la kwanza la mwenye mzigo mkubwa hapa Nakuru huwa ni bei. "Kutoa mashine Mombasa kuileta Njoro ni pesa ngapi?" Mashine ina uzani gani, hasemi. Ikishapakiwa itakuwa na kimo gani, hajui. Geti la kwake lina upana gani, hajawahi kulipima. Anataka bei, na ikitajwa anataka ipunguzwe. Broka, ambaye hana lori wala trela, anamtajia bei ya kumfurahisha, kisha anaanza kuzunguka akitafuta lori litakalokubali kubeba kwa pesa pungufu ya hiyo.

Tumeyaona haya vya kutosha. Mtu akinunua kabati hupima mlango wa chumba kabla ya kulipa, na hakuna anayemcheka. Lakini mwenye kuagiza boila, transfoma, tangi la chuma au kombaini ya mamilioni ya shilingi hapimi chochote. Hungoja lori lifike ndipo agundue kwamba mzigo hauingii, au unaingia lakini hauwezi kupita chini ya nyaya za stima za mtaani kwake.

Wala hatuzungumzii jambo la nadra. Bonde la Ufa la kati linaishi kwa mizigo isiyotosha kwenye lori la kawaida. Olkaria imekuwa ikizalisha stima ya mvuke tangu 1981, na kila kituo kipya huhitaji turbini, jenereta na transfoma. Menengai, hapo juu ya mji wetu, uchimbaji wa visima ulianza 2011 na kituo cha kwanza, cha megawati 35, kikaanza kazi 2023. Mashamba ya maua ya Naivasha huagiza vyuma virefu vya vivungulio. Njoro na Mau Narok kuna ngano, na ngano huvunwa kwa kombaini. Elburgon na Molo hutoa mbao na nguzo ndefu. Ujenzi wa barabara kuu nao umeongeza matingatinga na ekskaveta. Katika eneo lenye kazi za namna hii, namna ya kukodi msafirishaji wa mizigo maalum ingekuwa imeshazoeleka na kila mkulima na kila mwanakandarasi.

Badala yake, siku ya safari huendeshwa kwa kubahatisha. Linalokuja ni lori la mchanga au la kontena, kwa sababu ndilo lililopatikana. Mzigo unafungwa kwa kamba pale palipohitaji minyororo. Kimo kikizidi, tanboi anapandishwa juu ya mzigo na mti mkavu wa kuinulia nyaya. Ukaguzi wa njia ndio huo: kijana mmoja, mti mmoja, na imani kwamba mti haujalowa umande. Nyaya zikikatika, mtaa mzima unalala gizani na mwenye mzigo hapatikani kwa simu. Kijana akinaswa na stima, jina lake haliko kwenye bima yoyote.

Kisha kuna ujanja wa usiku. Mzigo mpana unafichwa hadi jua litue, ndipo lori litoke likitumaini kwamba polisi wamepumzika. Nguzo za miti kutoka upande wa Molo huonekana zimechomoza nyuma ya trela bila taa wala kitambaa chekundu, zikipanda mlima polepole. Mwenye gari dogo anayekuja nyuma huziona zikiwa zimeshafika kwenye kioo chake. Barabara hii haihitaji kuongezewa hatari. Watu 36 walifariki Migaa, karibu na Salgaa, alfajiri ya Desemba 31, 2017, basi na lori vilipogongana. Zaidi ya watu 50 walifariki katika makutano ya Londiani jioni ya Juni 30, 2023, lori lilipopoteza mwelekeo na kuvamia matatu na wachuuzi. Hiyo haikuwa mizigo ya kupita kiasi cha upana. Lakini ni barabara hiyohiyo, na mteremko ni uleule, na mtu anayeingiza humo mzigo asioujua vipimo anajua anachokifanya.

Sheria nayo haina fumbo. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzani wa magari, ya mwaka 2016, inaweka kikomo cha tani 56 kwa lori na mzigo wake kwa pamoja. Hata jumla ikitimia, kila ekseli ina kikomo chake: ekseli moja yenye magurudumu manne isizidi tani 10, ekseli tatu zilizofuatana zisizidi tani 24. Ndiyo maana dereva hushangaa mizani ya Gilgil ikimkataa ilhali jumla yake iko sawa. Mzigo uliwekwa nyuma mno. Aliyepakia hakuuliza uzito wa mashine umekaa upande gani.

Tufanye hesabu ndogo. Tingatinga la aina ya D8 lina takriban tani 38. Kichwa cha lori pamoja na trela la chini, lile linaloitwa lobedi, havipungui tani 20. Jumla ni tani 58, na bado hatujahesabu mafuta wala minyororo. Tayari umevuka. Saruji ikizidi, magunia hushushwa na safari ikaendelea. Tingatinga halipunguzwi kwa koleo. Kwa mizigo kama hiyo isiyogawanyika ndipo kuna kibali maalum, kinachotolewa na Mamlaka ya Barabara Kuu za Kitaifa, KeNHA, pamoja na masharti ya njia, saa za kusafiri na gari la eskoti. Lobedi yenye ekseli nyingi ipo kwa sababu hiyohiyo, kuugawa uzani usikae mahali pamoja. Hesabu hii inatosha nyuma ya bahasha, na mwenye mashine anaweza kuifanya kabla hajampigia simu mtu yeyote, kwa kuwa uzani umeandikwa kwenye kibati kilichopigwa ubavuni mwa mashine.

Sasa tuzisikilize sababu ambazo watu hutoa kwa kutopima.

Ya kwanza: "Ni hapa karibu tu." Hii ndiyo ya wenye kombaini. Kutoka Njoro kupanda Mau Narok ni mwendo mfupi, kwa hiyo dereva anaipeleka kombaini barabarani kwa magurudumu yake, sehemu ya mbele ya kukatia ikiwa imefungwa vilevile. Njia moja ya lami ina upana wa mita 3.5 hivi. Sehemu hiyo ya mbele peke yake huwa pana kuliko hapo. Maana yake kila gari linalokuja mbele linatakiwa kuingia mtaroni. Dawa inajulikana: ifunguliwe, iwekwe kwenye trela lake, gari dogo litangulie na bendera na taa ya kumulika, na safari iwe ya mchana. Kuifungua si kazi ya siku nzima. Kinachokosekana ni mtu wa kusema ifunguliwe.

Ya pili: "Kibali kinachelewa." Kinachelewa kwa sababu kinaombwa siku mzigo unapotolewa bandarini. Meli kutoka Ulaya au China hukaa baharini kwa wiki kadhaa. Mashine ilikuwa na vipimo siku ulipoilipia, na muuzaji alikuandikia kwenye karatasi za mauzo. Msimu wa ngano nao haujawahi kuja kwa kushtukiza. Mwenye kungoja wiki zote hizo bila kuandika ombi, kisha akamlaumu karani, anatupotezea wakati.

Ya tatu, na ndiyo yenye mashabiki wengi: "Kampuni za mizigo maalum ni ghali." Ni ghali kweli, ukizipima na lori la mchanga. Zipime na gharama nyingine. Lori likizuiwa Gilgil, siku zinahesabiwa na mwenye lori anazitoza. Mzigo ukianguka mtaroni, kreni ya kuutoa inalipwa kwa kwenda na kwa kurudi, tena bei yake haina mjadala kwa sababu barabara imefungwa na polisi wamesimama hapo. Kampuni ya bima ikisikia kwamba mzigo ulihitaji kibali na haukuwa nacho, inayo sababu nzuri ya kukataa kulipa. Kuna pia hasara isiyoonekana. Transfoma kubwa yaweza kufika bila mkwaruzo na bado ikawa imeharibika, kwa sababu msukosuko wa njiani umesogeza viungo vyake vya ndani. Ndiyo maana wanaojua kazi hufunga juu yake kifaa kinachorekodi kila mtikisiko tangu kiwandani. Uliza lori la bei nafuu kama lina kifaa hicho.

Ya nne ni ngeni: "Tungoje barabara mpya." Upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit, kilomita 175, ulizinduliwa Novemba 2025, na tunaufurahia. Lakini ujenzi wenyewe huleta njia za kuchepukia, vizuizi vya muda na sehemu nyembamba ambazo hazikuwepo mwezi uliopita. Na barabara ikikamilika, madaraja yatakayopita juu yake, ya magari na ya waenda kwa miguu, kila moja litakuwa na kimo chake. Barabara pana haifuti haja ya kupima. Tena mzigo wako hauishii kwenye barabara kuu.

Hapo ndipo penye shida halisi, na hapazungumzwi. Mizigo mingi hupita salama kutoka Mombasa hadi Nakuru kisha ikakwama kilomita ya mwisho. Barabara kuu ni ya KeNHA. Ukiiacha kuingia Bahati, Subukia au ndani ya mitaa ya mji, umeingia kwenye barabara za KeRRA, mamlaka ya barabara za vijijini, za KURA, mamlaka ya barabara za mijini, au za serikali ya kaunti, na kibali cha barabara kuu hakikusaidii huko. Kuna kalvati lililojengwa kwa ajili ya mikokoteni na pikapiki. Kuna nyaya za intaneti zilizofungwa chini kuliko hata za stima. Kuna kona ambayo trela refu haliwezi kukata bila kupanda ukuta wa jirani. Hakuna ramani ya setilaiti itakayokuonyesha kimo cha waya. Itabidi mtu aingie kwenye gari dogo, ashike tepu na mti uliopimwa, aende polepole kutoka mwisho wa lami hadi mahali mzigo utakaposhushwa, akiandika. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja, na ndiyo kila mtu anaikwepa.

Wala si maarifa mapya. Reli ya Uganda ilipofika kwenye ukingo wa Bonde la Ufa karibu na Kijabe, njia ya kudumu ya kuteremka ilikuwa bado haijakamilika. Wahandisi hawakuyasukuma mabehewa wakaomba Mungu. Walipima mteremko, wakajenga njia ya muda ya kamba za chuma, na pale palipokuwa na mwinamo mkali wakatengeneza jukwaa la kubebea behewa, lenye umbo la kuufuata mteremko ili behewa lenyewe likae sawa. Mabehewa yalishushwa hivyo hadi njia ya kudumu ilipomalizika 1901. Walikuwa na haraka kuliko sisi, na bado walipima.

Wenzetu wa Baringo wametoa mfano wa karibuni zaidi. Maji ya Ziwa Baringo yalipopanda na kuizingira Longicharo hadi ikawa kisiwa, twiga tisa wa aina ya Rothschild walibaki wamenaswa kisiwani. Twiga hapandi mtumbwi, na huwezi kumlaza chini kwa muda mrefu bila kuhatarisha uhai wake. Jamii ya hifadhi ya Ruko, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, na washirika wao hawakuuliza ni nani mwenye boti ya bei nafuu. Walitengeneza chelezo cha chuma kwa kipimo cha twiga, chenye kuta ndefu na madumu ya kukielesha, wakawazoesha wanyama kuingia humo kwa chakula, kisha wakaanza kuwavusha Desemba 2020. Wa mwisho alivuka Aprili 2021. Wote tisa walifika. Kazi kubwa ilifanyika kabla ya chombo kuondoka ufukweni.

Upande wa pili wa somo hilo tunaujua kwa uchungu. Julai 2018, vifaru weusi 11 walitolewa katika mbuga za Nairobi na Nakuru na kupelekwa Tsavo Mashariki. Walifika wakiwa hai. Lakini maji waliyoyakuta huko yalikuwa na chumvi nyingi mno. Kumi wakafa, na wa 11 akashambuliwa na simba. Mwishowe hakubaki hata mmoja. Usafiri haukuishia pale sanduku lilipofunguliwa, na maji ya mahali pa kufikia yalitakiwa kupimwa na kueleweka kabla ya mnyama wa kwanza kupakiwa. Anayepeleka mashine bila kuuliza kama sakafu ya kuiwekea inaubeba uzani wake, au kama kuna kreni ya kuishusha, anarudia kosa lilelile kwa chuma.

Miradi mikubwa hailihitaji somo hili. Waliojenga mitambo 365 ya upepo karibu na Ziwa Turkana walikarabati kwanza kilomita 208 za barabara kutoka Laisamis ndipo wakapeleka mapanga ya mitambo hiyo, kila panga la urefu wa mita 25 hivi. Wanaohitaji kuambiwa ni sisi wa katikati: mwenye kiwanda kidogo, chama cha wakulima, mwanakandarasi wa kaunti, shule inayonunua tangi la maji la chuma. Tunajiona wadogo kiasi cha kutohitaji utaratibu, ilhali mzigo wetu ni mpana vilevile na waya ni uleule.

Utaratibu wenyewe ni karatasi moja. Iandike urefu, upana, kimo na uzani wa mzigo ukiwa umeshapakiwa, pamoja na mahali uzito ulipokaa. Iandike njia yote, na mahali pafinyu na pa chini kuliko pote katika njia hiyo. Itaje kibali cha nani kinahitajika kwa kila kipande cha barabara, na nani atawaarifu Kenya Power pale waya unapopaswa kuinuliwa au kuzimwa. Itaje bima ya mzigo na kiwango chake. Iseme nani atashusha, na kwa kifaa gani. Mwenye mzigo aisaini, msafirishaji aisaini. Mpaka hapo pasitoke hata shilingi ya kufunga mkataba.

Tunasema mwenye mzigo kwa makusudi. Kwa muda mrefu tumekuwa tukimbebesha dereva lawama zote, kana kwamba ndiye aliyeagiza boila. Dereva alipewa namba ya simu, tangi la mafuta na vitisho vya kuchelewa. Anayejua kilicho ndani ya sanduku ni aliyekinunua. Tungependa kuona polisi na wakaguzi wa mizani wakiiomba karatasi hiyo na kumwita aliyeisaini, si kumweka dereva ndani na kumwacha tajiri wake nyumbani akingoja mzigo.

Serikali nayo ina kazi ndogo ya kufanya. KeNHA na kaunti wanaweza kuandika kimo cha kila daraja na kila kivuko cha juu kwenye kibao kinachoonekana kutoka mbali, na kuitoa orodha hiyo kwa yeyote anayeihitaji. Mbao na rangi si mradi wa kutafutiwa mkopo. Vyama vya wakulima wa ngano vinaweza kukubaliana na mwenye lobedi mmoja kwa msimu mzima, kombaini zikahamishwa kwa zamu, mchana, kwa bei ambayo mkulima mmoja hawezi kuipata peke yake.

Na unapokwenda kukodi, usikubali picha ya trela iliyotumwa kwa simu. Nenda ukalione lenyewe. Hesabu ekseli. Tazama magurudumu, minyororo na cheti cha ukaguzi wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Uliza ni nani ataendesha gari la eskoti, na kama msafirishaji amewahi kuipita njia ya kwako. Mjuzi wa kazi hii atakuchosha kwa maswali kabla ya kuzungumza pesa: atataka uzani, atataka picha ya geti, atauliza mvua ilinyesha lini upande huo. Mvumilie, huyo ndiye wa kumpa kazi. Anayekutajia bei kabla hajakuuliza uzani, mkatie simu.